Sharti la mali katika kupiga kura: maana yake

Kijiweni kwetu Isevya, hapa Tabora, ubishi wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulianzia kwenye kodi ya chumba. Mzee mmoja mwenye nyumba tatu alitaka wapangaji wasiandikishwe. "Leo wapo, kesho wamepakia godoro kwenye guta. Watuchagulie mwenyekiti halafu watuachie sisi?" Fundi cherehani, aliyepanga chumba kimoja miaka kumi na moja, akauliza huku akikoroga kahawa yake: "Na wewe mzee wangu, kwa nyumba tatu utapiga kura ngapi?"

Ubishi huo ni wa zamani kuliko wanavyodhani. Sharti la mali ni kanuni inayompa mtu kura kwa sababu ana ardhi, nyumba au kipato cha kiwango kilichotajwa na sheria. Asiye nacho hubaki wa kutii tu. Uingereza iliiandika mwaka 1430: mpiga kura wa kaunti awe na ardhi yake mwenyewe yenye kuingiza angalau shilingi 40 kwa mwaka. Watetezi wa sharti hili wamekuwa wakisema kama mzee wetu, kwamba mwenye mali ana cha kupoteza, kwa hiyo atachagua kwa uangalifu. Swali la fundi nalo si mzaha. Kulekule Uingereza mwenye mali katika majimbo mawili aliweza kupiga kura mara mbili, na hilo lilifutwa kwa sheria ya 1948.

Mimi naona kiasi cha mali si tatizo kubwa. Tatizo ni nani anaamua kipi kiitwe mali. Katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, kuanzia 1853 mwanamume wa rangi yoyote mwenye nyumba au ardhi ya thamani ya pauni 25 aliweza kuandikishwa. Waafrika walipoongezeka daftarini, bunge likapitisha sheria mwaka 1887 kwamba ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kimila isihesabiwe. Shamba lilelile, mahindi yaleyale, ila mwenyewe ghafla hana mali. Mwaka 1892 kiwango kikapandishwa hadi pauni 75, tena ajue kuandika jina, anwani na kazi yake.

Sasa mfikirie mkulima wa tumbaku kule Sikonge. Shamba kaachiwa na babu, mpaka ni mwembe na kichuguu, hati ya kimila hajachukua. Na kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Karani wa 1887 angemfuta bila hata kunyanyua kichwa. (Mkewe, anayepalilia shamba hilohilo, asingefika hata mezani kwa karani.)

Tabora yenyewe imo katika habari hii. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Masharti ya mkoloni yaliuma: mpiga kura awe na kipato, elimu au cheo cha kiwango fulani, kisha amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda kura za 1958 na 1959 kwa masharti yaleyale yaliyowekwa kuibana.

Leo Katiba, ibara ya 5, inataja uraia na miaka 18. Kura ya mtaa inadai pia uwe mkazi wa hapo, na mpangaji ni mkazi.

Orodha ilipobandikwa ukutani, fundi alikuwamo. Mzee naye aliandikwa mara moja, kwenye mtaa anakolala.