"Gari inakula oili": maana yake hasa ni nini

Peleka Hilux kongwe ya dizeli gereji yoyote ya Chake Chake au Wete, useme oili inapungua, na mara nyingi jibu litatangulia kabla boneti haijafunguliwa: "Inakula oili hii, ringi zishakwisha." Anakusudia ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoziba pembeni yake. Hapo hapo inatajwa gharama ya kushusha injini, na mwenye gari anakaa kitako juu ya tairi bovu akihesabu karafuu ambazo bado ziko mtini.

Kula oili, kwa maana yake hasa, ni injini kuichoma oili pamoja na dizeli. Kazi ya oili ni kupanda kwenye beringi na pistoni, kulainisha, kisha kurudi chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Ikipenya mpaka pale mafuta yanapowaka, inatoka kwa bomba la moshi na hairudi tena. Lakini oili hupotea pia kwa kuvuja nje, na hupotea kwa kuhamia pasipo pake. Hizo mbili si kula, hata kama kijiti cha kupimia oili kinaonyesha upungufu ule ule. Matengenezo yake ni mengine, na bei yake haikaribiani na ya ringi hata kidogo.

Kwa hiyo kwanza ni kipimo. Simamisha gari pahala tambarare, na kwa Pemba hili si jambo dogo, maana ukipima barabarani kwenye mteremko kijiti kitakudanganya. Zima injini, subiri dakika kumi oili ishuke, ijaze mpaka alama ya juu, uandike kilomita. Pima tena pahala pale pale baada ya siku chache. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye gari nyingi, ni kama lita moja. Injini iliyokwenda kilomita laki tatu ikipunguza nusu lita kwa kilomita 1,000, mimi sikosi usingizi. Lita nzima ni ya kutafutiwa sababu. Lita kwa safari moja ya Chake kwenda Konde na kurudi, usiiwashe tena mpaka ijulikane. Wala usingojee taa nyekundu ya dashibodi: ile inapima presha, haipimi kiasi, na ikiwaka huenda beringi zishaanza kuliwa. Na oili kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa isikutishe. Kwenye dizeli ni masizi tu.

Usiku tandika boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi doa litakwambia linatoka mbele, kati au nyuma kwenye sili ya krenki. Boksi likiwa kavu, haina maana kwamba haivuji. Kuna sehemu zinazovuja injini ikiwaka tu, kwa sababu ndipo presha inapokuwepo.

Hapo ndipo Hilux ya jirani yangu ilipotuchezea. Ilikuwa ikimaliza oili, boksi kavu, na mafundi wawili washasema ringi. Moshi wake lakini ulikuwa wa kawaida, si ule wa buluu wa oili inayoungua, na hilo halikuniingia akilini. Siku moja taa ya chaji ikawaka. Tulipoingiza tochi tukaona altaneta, ile inayochaji betri, inang'aa kama samaki aliyetoka kwenye karai, na chini yake chasisi imelowa mpaka nyuma. Injini nyingi za zamani za dizeli hazina kizibo cha kuzuia hewa inapoingia, kwa hiyo hazina ule mvuto unaosaidia breki kwenye gari za petroli. Zinahitaji pampu ya vakyumu, na kwenye injini za Toyota za aina hiyo pampu hufungwa mgongoni mwa altaneta, ikilainishwa na oili ya injini kwa mpira mwembamba. Sili yake ikifa, oili inaingia ndani ya altaneta. Mpira ukipasuka, sampu inaweza kukauka njiani. Tulibadilisha pampu na kusafisha altaneta. Ringi hazikuguswa.

Kukosekana kwa mvuto huo kunaharibu pia kanuni moja wanayoichukua watu kutoka kwenye petroli: kwamba moshi wa buluu ukitoka unapoachia mafuta mteremkoni, basi ni sili za valvu. Kwenye dizeli dalili hiyo haina nguvu. Ninachoangalia ni moshi wa buluu wakati wa kupanda mlima na mzigo. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa chache, na mweupe wa asubuhi mara nyingi ni dizeli isiyoungua, basi usichanganye. Kisha, injini ikiwa moto na iko silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kutilia oili ukilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo ni kawaida. Kikiruka na moshi kufuka, injini inapumua: moto wa silinda unapita pembeni ya pistoni, na sasa ndiyo ringi zinashukiwa kwa haki. Kabla ya kushusha injini, omba kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ipimwe silinda moja moja. Ule ujanja wa kumimina oili ndani ya silinda na kupima tena ni wa petroli. Kwenye dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, namba itapanda kwa uongo.

Kama gari ina turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, vua mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo. Utando wa oili si kitu, lakini ikiwa imetuama, sili za turbo zimechoka, au njia yake ya kurudishia oili imeziba. Hili lisicheleweshwe. Injini ikianza kuvuta oili hiyo kwa wingi itapanda mzunguko yenyewe, na ukizima ufunguo haisikii, kwa sababu ufunguo unakata dizeli nayo inaunguza oili. Gari ya gia za mkono: kanyaga breki yote, tia gia kubwa, achia klachi ife. Ya otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, usizibe kwa kiganja.

Oili iliyohama huonekana kwenye rejeta: maji yenye utando wa rangi ya chai ya maziwa. Hapo tazama kipoza oili na gasketi ya silinda hedi.

Na kuna gari ambayo kijiti chake hakishuki, au hata kinapanda, na hujatia kitu. Chovya kidole unuse. Ikinuka dizeli, nozeli au pampu ya dizeli inavujia ndani na kuficha upungufu. Oili iliyochanganyika hivyo ni nyepesi mno kwa beringi, basi imwage yote kabla ya kuwasha tena.