Mvinyo wa Ufaransa: yanayosemwa na yaliyomo chupani

"Shampeni ilivumbuliwa na mtawa Dom Pérignon."

Hadithi tamu, ila ni ya wauzaji. Pérignon alisimamia ghala la mvinyo la abasia ya Hautvillers, mkoani Champagne, tangu 1668 hadi alipofariki 1715, na kilichomsumbua kilikuwa kuyazuia mapovu. Baridi ya mkoa huo wa Champagne ilikuwa ikikatiza uchachukaji. Joto likirudi hamira inaamka, gesi inakosa pa kutokea, chupa zinapasuka ghalani. Tena, Desemba 1662, kabla mtawa hajafika Hautvillers, Mwingereza Christopher Merret alikwisha kuieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke kwa mapovu. Sifa anayostahili Pérignon ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Si haba.

"Chochote chenye mapovu ni shampeni."

Kwenye harusi zetu hata juisi ya zabibu yenye gesi huitwa hivyo, na sina ugomvi na MC. Lakini kisheria, kule Ulaya, jina ni la mkoa wa Champagne tu. Crémant, mvinyo wa mapovu wa mikoa mingine kama Alsace au Loire, nayo huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama shampeni, kwa bei ya chini zaidi. Pesa yangu huishia huko.

"Mvinyo mweupe hutokana na zabibu nyeupe."

Rangi imo kwenye ganda. Zabibu ya aina ya Pinot Noir ni nyeusi, lakini ikikamuliwa upesi maji yake hutoka meupe.

"Ukizeeka ndipo unaponoga."

Baadhi tu. Beaujolais Nouveau, mvinyo mwekundu mchanga, hutolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache baada ya mavuno, ili inywewe mapema. Ukiiweka miaka kumi umeitupa.

"Mizabibu yao ni ya Kifaransa tangu mizizini."

Miaka ya 1860 mdudu filoksera, aliyetoka Marekani, alianza kuitafuna mizizi. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha vikonyo vya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani, kama tunavyobebesha michungwa juu ya milimau. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu yao imesimama hivyo.

"Jina kubwa kwenye lebo linatosha."

Hii ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi kuliko zote. Chukua Clos de Vougeot, kule mkoa wa Burgundy: shamba moja la hektari 50 hivi, limezungushiwa ukuta, lilikuwa mali ya watawa wa Cîteaux mpaka Mapinduzi ya Ufaransa yalipowanyang'anya. Sasa lina wamiliki wapatao 80. Juu mlimani maji hayatuami. Chini, karibu na barabara kuu, ardhi ni tambarare na hushika unyevu. Wote huandika grand cru, daraja la juu kabisa la Burgundy.

Mkoa wa Bordeaux nako, madaraja ya mvinyo ya 1855 yalipangwa na madalali kwa kufuata bei za sokoni, kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Mouton Rothschild, mojawapo ya mashamba yake, ilipandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Eneo la Pomerol, nyumbani kwa mvinyo maarufu Petrus, halikuhesabiwa kabisa.

Mimi hutafuta kwanza jina la mtengenezaji. Kwenye shampeni angalia herufi ndogo pembeni mwa lebo: RM ni mkulima aliyetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, NM ni kampuni inayoruhusiwa kununua za wengine. Zipo NM nzuri sana, ila kwa bei ileile mimi huanza na RM.