Michael Jordan hakufukuzwa timu ya shule

Kila tunapotaka kumtia moyo kijana aliyeshindwa, tunamsimulia kwamba Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alitimuliwa kwenye timu ya shule. Si kweli. Mwaka 1978, katika shule ya Laney, mjini Wilmington, North Carolina, aliwekwa timu ya pili, kama wengi wa umri wake. Nafasi ya timu ya kwanza alipewa mwenzake Leroy Smith, kwa sababu ya urefu: alikaribia mita 2, Jordan alikuwa na kama 1.78. Huko timu ya pili Jordan alifunga hadi pointi 40 katika mechi moja! Alipoingizwa kwenye Jumba la Heshima la kikapu mwaka 2009, alimwalika Smith.