Figo Haifungwi Kama Spea: Dhana Potofu Kuhusu Upandikizaji na Kazi ya Paul Terasaki

Mtwara, mgonjwa anapoambiwa kwamba figo zake zimefika mwisho na kwamba kilichobaki ni kusafishwa damu au kupandikizwa, kikao cha ukoo huitishwa upesi, na humo ndimo dhana nyingi potofu husikika. Iliyo kongwe ni ile isemayo kwamba kupandikiza figo ni ufundi wa kisu tu, kama fundi wa bodaboda anavyotoa spea mbovu na kufunga nzima. Kwa kawaida figo mbovu hazitolewi kabisa. Ile mpya huwekwa chini ya tumbo, upande wa nyonga, ikaungwa kwenye mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni, na mrija wake wa mkojo ukaingizwa kwenye kibofu. Ufundi wa kuunga mishipa ya damu ulikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichowashinda madaktari ni mwili kuikataa nyama ya mtu mwingine, na ndiyo maana Joseph Murray alipofanikiwa mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, figo ilitoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa Richard, pacha wake wa kufanana.

Dhana ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, nayo husemwa kwa upendo: ndugu wa tumbo moja, tena wa kundi moja la damu, hana haja ya kipimo kingine. Ukweli ni kwamba watoto wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kulingana kikamilifu katika alama za tishu, yaani zile ambazo kinga ya mwili hutumia kutofautisha chembe zake na za kigeni. Kinachotisha kuliko kutolingana ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshambulia vitu vigeni, ambazo tayari zimo katika damu ya mgonjwa. Mwanamke hubeba mimba yenye alama za mume wake, na mwili wake unaweza kujifunza kuzipiga vita. Miaka mingi baadaye, mume huyo akijitolea figo, inaweza kukataliwa papo hapo ingawa kundi la damu ni lilelile. Aliyewahi kuongezewa damu naye anaweza kuwa na hali kama hiyo.

Jambo hilo tunaweza kulipima kwa sababu ya Paul Terasaki, mwanasayansi wa Los Angeles ambaye hakuwa mpasuaji. Mwaka 1964 alitangaza kipimo kinachofanyika katika trei yenye vishimo vidogo, kikitumia seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ya ujazo wa takriban sehemu moja ya elfu ya mililita: seramu ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyeupe za damu za mchangiaji, kisha rangi hutiwa, na chembe zilizouawa na kingamwili huinywa rangi hiyo ilhali zilizo hai haziinywi. Mtaalamu wa maabara huchungulia kwenye hadubini na kuhesabu. Mwaka 1969 Terasaki na mwenzake Patel walionyesha kwamba kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa figo ingawa kipimo kilikuwa kimeonyesha kingamwili, 24 walipoteza figo hizo mara moja, ilhali kati ya 195 ambao kipimo chao kilikuwa safi, waliopoteza walikuwa 8. Sioni takwimu inayofaa zaidi kusomwa mbele ya kikao cha ukoo.

Wapo pia, hasa miongoni mwa wasomi, wanaoamini kwamba athari ya mtafiti hupimwa kwa tuzo. Terasaki hakupata Nobel. Ya mwaka 1980, iliyohusu alama hizohizo za tishu, walipewa watu wengine watatu. Hata hivyo, kipimo chake ndicho kilichokuwa kanuni katika maabara za dunia kwa miongo kadhaa, na wazo lake la kupima kabla ya kukata ni sharti popote upandikizaji unapofanyika, ikiwemo Muhimbili, ulikoanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Kuhusu hofu kwamba mchangiaji hufa mapema, itoshe kusema kwamba Ronald Herrick aliishi miaka 56 baada ya kutoa figo. Mkulima wa Newala aliyepimwa vizuri na kupona kidonda hurudi kupuliza salfa mikoroshoni kama kawaida, mradi ahudhurie kliniki kupimwa presha na mkojo.

Imani ya kwamba aliyepandikizwa amepona, hivyo dawa zinaweza kusubiri msimu wa korosho, haina msingi hata kidogo. Dawa za kutuliza kinga ni za kila siku maadamu figo inafanya kazi, na baadhi yake huvurugwa hata na balungi. Katika miaka yake ya baadaye Terasaki alishikilia, wakati wengi wakimbishia, kwamba kingamwili zinazozuka baada ya upandikizaji huila figo polepole. Mgonjwa wa Liwale anayeruka dozi kwa sababu hajisikii vibaya huenda asihisi maumivu yoyote. Kiwango cha kreatinini, taka ambayo figo nzima huichuja, katika damu ndicho kitakachopanda kwanza, nacho hakionekani bila kipimo.