Ushahidi wa kimaelezo: asasi inamwonyeshaje mfadhili kwamba mradi umeleta mabadiliko?

Ripoti nyingi za miradi zimejaa majedwali, kisha kurasa za mwisho kuna picha ya mama anayetabasamu na aya moja ya shukrani. Asasi huiita hadithi ya mafanikio. Mfadhili huisoma, huifurahia na kuisahau, maana hajui mama huyo alipatikanaje wala wangapi waliachwa kwa kuwa walilalamika.

Ushahidi wa kimaelezo ni kitu tofauti. Ni maelezo ya watu yaliyokusanywa kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa, yakachambuliwa yote, hata yasiyopendeza, ili kujua badiliko limetokea vipi na kwa sababu gani.

Tuchukue kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, kijijini. Daftari linaonyesha nani amekopa na nani amerejesha. Halionyeshi kama marejesho yametoka kwenye genge la nyanya, kwenye mbuzi aliyeuzwa au kwenye mkopo wa kikundi cha jirani. Hilo mpaka uulize, na mengi yanategemea unavyouliza. "Mradi wetu umekusaidiaje?" ni kuomba shukrani, mgeni aliyeshuka kwenye gari lenye nembo mlangoni haambiwi "haujanisaidia". Lakini uliza hivi: "Tangu masika ya mwaka juzi, hali ya chakula hapa nyumbani imekuwaje?" Kisha: "Unadhani imesababishwa na nini?" Atataja mvua, bei ya mahindi, kijana wake aliyepata kazi mjini, na pengine kikundi kitakuja cha nne. Kutajwa huko bila kuchokozwa kuna uzito kuliko kurasa nzima za pongezi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, akiwemo James Copestake, wamelivalia njuga jambo hili. Kuanzia mwaka 2012, wakifanya kazi Malawi na Ethiopia, walitengeneza utaratibu wa tathmini uitwao QuIP (kifupi cha Kiingereza cha Qualitative Impact Protocol). Kadiri inavyowezekana, anayehoji haambiwi ni asasi gani inayofanyiwa tathmini, na anayehojiwa vivyo hivyo. Baadaye mchambuzi anayeujua mradi hupitia majibu na kutenganisha sababu: zinazoutaja mradi waziwazi, zinazoendana nao bila kuutaja, na zisizohusiana nao kabisa.

Mtaalamu wa tathmini Rick Davies alipita njia nyingine akiwa Bangladesh mwaka 1994. Wafanyakazi wa mradi walikusanya hadithi kwa kuuliza ni badiliko gani kubwa zaidi lililotokea katika maisha ya washiriki. Hadithi zikapanda ngazi kwa ngazi mpaka makao makuu Dhaka, kisha kwa wafadhili wenyewe, na kila ngazi ilichagua na kuandika kwa nini imechagua hii na si ile. Mimi naona hayo maandishi ya sababu ndiyo yenye faida zaidi, kwani mfadhili na asasi hugundua kama wanatafuta kitu kimoja. Ila njia hii husaka makubwa, kwa hiyo isitumike kuelezea hali ya mshiriki wa kawaida.

Bado kuna swali ambalo mhasibu wa mfadhili haachi kuuliza: mmehoji watu wachache hivi? Mwaka 2006 mtafiti Greg Guest na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria. Mada nyingi zilikuwa zimekwisha jitokeza kufikia mahojiano ya 12. Wanawake hao walikuwa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wakulima, wavuvi na wafanyabiashara, 12 hawatoshi. Na idadi hiyo haikuruhusu kuandika "asilimia 75 ya wanufaika". Andika "tisa kati ya 12 tuliowahoji".

Kwenye ripoti, eleza wazi waliohojiwa walichaguliwaje, nani alihoji, kwa lugha gani, na wangapi walikataa. Watafute pia waliojitoa kwenye kikundi, kwani aya yao ndiyo itakayomfanya mfadhili aziamini nyingine. Majina yafichwe kwelikweli: katika kijiji kidogo, kuandika "mjane, mweka hazina wa kikundi, muuza dagaa" ni sawa na kumtaja, na ripoti hiyo siku moja itamfikia mwenyekiti wake.