Vipande Visivyokaa Sawa: Dhana Potofu Kuhusu Uundaji wa Modeli za Magari

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu modeli za magari za plastiki, zinazonunuliwa zikiwa vipande vya kuunganishwa, ni kwamba vipande visipokutana vizuri, lawama yote ni ya kiwanda. Ni kweli kwamba kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, huchakaa, na kalibu iliyotumika miaka mingi huruhusu plastiki ipenye kwenye maungio yake na kuacha utando mwembamba kandokando ya vipande. Hata hivyo, nyufa nyingi zinazoonekana kwenye modeli iliyokamilika hutokana na mabaki ambayo muundaji hakuyaondoa, hasa kile kisiki kidogo kinachobaki pale kipande kilipokatwa kutoka kwenye fremu yake. Kisiki cha nusu milimita kwenye ukingo wa bampa huonekana si kitu, lakini katika modeli ya kipimo cha 1:24, yaani iliyopunguzwa mara 24, hicho ni sawa na milimita 12 za gari halisi, na hakuna bampa lililopinda kiasi hicho ambalo jicho halitaliona.

Wapo pia wanaoamini kwamba kupachika vipande bila gundi kwanza ni kupoteza muda, kwa kuwa maelekezo yameshaonyesha kila kitu. Maelekezo huonyesha mfuatano wa kazi. Hayaonyeshi kipande kipi kitamzuia mwenzake hatua kumi baadaye. Katika modeli za magari jambo hili ni zito kwa sababu bodi, vioo, kisanduku cha ndani chenye viti na dashibodi, pamoja na chesisi, vyote hubanana katika nafasi moja finyu. Bodi inapokataa kushuka juu ya chesisi, wengi hukimbilia kuisugua chesisi kwa tupa, ilhali mara nyingi kinachogoma ni dashibodi inayogusa kioo cha mbele, au kingo za kisanduku zinazokwama kwenye ukingo wa ndani wa vioo. Mimi mwenyewe niliwahi kuimaliza chesisi nzima kwa tupa kabla ya kugundua kwamba haikuwa na kosa lolote.

Njia ya uhakika ni kukusanya vipande vyote kwa utepe wa karatasi, kisha kuondoa kimoja kimoja mpaka bodi ikae. Kile kilichoondolewa mwisho ndicho cha kuchunguzwa. Kisha paka ukingo wake wino wa kalamu nene, upachike tena na uutoe: pale wino ulipofutika ndipo panapogusana, na ndipo pekee panapostahili msasa. Vijino vya kulengesha, vinavyoingia kwenye matundu ili vipande vilingane, navyo si vitakatifu. Iwapo vinavuta nusu mbili za injini zisilingane, vikate na ulinganishe nusu hizo kwa macho na vidole.

Kuhusu puti, yaani uji mzito wa kuzibia nyufa, dhana ni kwamba inaziba kila kitu. Puti ya kawaida ya mirija hukauka kwa kupoteza kiyeyusho chake, na kadiri kiyeyusho kinavyotoka ndivyo inavyonywea, hivyo tabaka nene litabonyea hata baada ya kupigwa msasa na kupakwa rangi. Ufa mpana huzibwa kwa ukanda mwembamba wa plastiki uliogundishwa, ukaachwa ukauke kabisa, kisha ukakatwa na kusawazishwa. Puti hubaki kwa mikwaruzo na vijishimo tu. Supaglu pia hujaza vizuri, ila isugue mapema, kwa maana ikilazwa usiku mzima huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka na msasa utakula plastiki badala yake.

Gundi nyingi haimaanishi muungano imara. Gundi ya polistairini, ambayo ndiyo plastiki ya modeli hizi, huyeyusha nyuso mbili ili ziwe kitu kimoja, na ikizidi hulainisha plastiki mpaka ikabonyea. Kwenye vipande vilivyopakwa kromu haishiki mpaka kromu ikwanguliwe, na vioo vinahitaji gundi nyeupe ya maji, kwani mvuke wa supaglu huvitia ukungu.

Bodi iliyopinda nayo hailazimishwi kwa vibanio. Gundi inaweza kuishikilia kwa muda, lakini plastiki iliyokazwa hubaki ikivuta, na siku moja muungano huachia. Iloweshe katika maji ya moto yasiyochemka, inyooshe taratibu, kisha ishikilie katika umbo hilo mpaka ipoe. Polistairini hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yanaweza kuangusha nguzo za paa kwa sekunde chache.

Dhana ya mwisho ni kwamba rangi haina unene. Praima, rangi na vanishi zikijumlishwa, boneti iliyokaa barabara ikiwa plastiki tupu hukwama pande zote mbili. Wakati wa kujaribisha, acha nafasi inayopitisha kipande cha karatasi kwa ulegevu, na kabla ya kugundisha kwangua rangi kwenye nyuso zinazokutana, kwa sababu gundi itakayokuta rangi itayeyusha rangi hiyo na kuiacha plastiki bila kuungana.