Mtoto Ananyonya Usiku Kucha: Usingizi wa Mama Utoke Wapi?

Akina mama wengi ninaowaona kliniki katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua huja na swali moja, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake: nifanye nini ili mtoto alale usiku? Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi kazi yangu hapa Dar es Salaam imekuwa ni kuwashauri wanaonyonyesha. Jibu langu huwashangaza baadhi yao, kwa sababu siwapi njia ya kumlaza mtoto. Mtoto mchanga anayeamka kunyonya usiku hana ugonjwa wala tabia mbaya inayohitaji kurekebishwa. Anayehitaji kupangiwa usingizi ni mama, na mpango huo hauwezi kubebwa na yeye peke yake, kwa kuwa saa anazoweza kulala zimeshikiliwa na watu wa nyumbani kwake, yaani mume, mama mkwe, dada wa kazi na wageni wanaokuja kumtazama mtoto.

Sababu ya kunyonya usiku ipo katika miili yote miwili. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda kila mtoto anaponyonya, na usiku kiwango chake huwa juu kuliko mchana. Kwa hiyo titi linalonyonywa usiku wa manane linaandaa pia maziwa ya kesho yake. Kinyume chake, titi lililojaa likaachwa kwa saa nyingi hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa, na hali hiyo ikijirudia usiku baada ya usiku katika miezi ya mwanzo, mama huona hata maziwa ya mchana yamepungua, kisha huamini kwamba yamekauka. Nimewaona wengi waliofika hapo baada ya kushauriwa wampe mtoto maziwa ya kopo usiku tu ili wapumzike, bila mtu kuwaeleza kwamba titi halina namna ya kujua kuwa mapumziko hayo ni ya muda.

Upande wa mtoto nao una hoja zake. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama husagika upesi, na mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, jambo ambalo haliwezekani kutimizwa mchana peke yake. Isitoshe, hajui bado tofauti ya usiku na mchana. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala gizani, huanza kutengenezwa na mwili wake kwa kiasi cha maana karibu na mwezi wa tatu, na kabla ya hapo huipata kidogo kupitia maziwa ya mama yanayotoka usiku, kwani maziwa ya mchana karibu hayana. Ndiyo maana mama anayekamua maziwa na kuyahifadhi ninamshauri aandike saa aliyoyakamua, ili ya usiku yatumike usiku.

Kuna faida nyingine ambayo waume hupenda kuisikia nikiieleza. Mama ambaye mtoto wake hajafikisha miezi sita, ambaye hedhi yake haijarudi, na ambaye ananyonyesha maziwa yake pekee bila kupitisha takriban saa 4 mchana au saa 6 usiku, ana kinga dhidi ya mimba inayofikia asilimia 98. Sharti moja kati ya hayo matatu likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena, na ni lazima atafute njia nyingine ya uzazi wa mpango mara moja. Wengi hulivunja sharti la usiku bila kujua kwamba lilikuwapo.

Ugumu mkubwa hauanzii kwa mtoto, unaanzia kwenye maneno yanayosemwa anapolia. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe kliniki aliniambia kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu, huyu hashibi. Analia tangu saa mbili usiku mpaka jogoo la kwanza. Maziwa ya mama yake mepesi kama maji, bora nimpikie uji." Mtoto alikuwa na wiki tano. Nilimjibu, "Bibi, tusiyahukumu maziwa kwa macho, tumtazame mwenye kuyanywa." Tulimpima, tukamkuta ameongezeka vizuri tangu kupimwa mara ya mwisho. Nikamuuliza mama yake ni nepi ngapi zinalowa kwa siku, akasema saba au nane. Kisha nikamwomba amnyonyeshe palepale, na yule bibi akainama kusikiliza mtoto akimeza, sauti ndogo inayosikika baada ya kila mvuto mmoja au miwili. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku baada ya siku tano za mwanzo, aliyerudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi, na anayeongezeka takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo, anashiba. Kunyonya mfululizo jioni ni kawaida ya umri huo, na hutokea zaidi katika siku ambazo mtoto anakua kwa kasi, hasa karibu na wiki ya tatu na ya sita. Kwa kunyonya huko mtoto anaongeza maziwa ya siku zinazofuata.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu uji, maji ya sukari na maziwa ya ng'ombe vinaingia vinywani mwa watoto wengi kwa sababu ya usiku, si mchana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba karibu asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini katika hao wengine wapo waliopewa uji na bibi aliyechoka kusikia kilio saa tisa usiku. Tumbo la mtoto wa wiki tano haliwezi uji, na uji uliopikwa kwa maji au chombo kisicho safi huleta kuhara, na kuhara kwa mtoto mchanga kunaweza kuua. Baya zaidi ni zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, ambazo majirani huelekezana kimyakimya. Mtoto mchanga akizipewa anaweza kushindwa kupumua vizuri, na hata asipofikia hapo, atalala akiwa na njaa. Mtu yeyote akikushauri hivyo, awe shangazi au muuza duka la dawa, kataa.

Nije sasa kwa mama mwenyewe. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa kupima usingizi wa wazazi wapya zimeonyesha kwamba wanaonyonyesha hawalali kidogo kuliko wanaotumia maziwa ya kopo, na kati yake upo uliowakuta wanaonyonyesha wakilala zaidi. Anayetengeneza chupa huwasha taa, huchemsha maji, huyapoza na kuosha vyombo, na kufika mwisho wa hayo usingizi umekwisha. Anayenyonyesha anaweza kufanya yote gizani akiwa amelala, endapo ameonyeshwa namna ya kufanya hivyo, na hapo ndipo nasikitika, kwa sababu wengi hutoka hospitali wakiwa wamefundishwa kunyonyesha kwa kukaa tu.

Kunyonyesha kwa kulala kunahitaji utulivu wa dakika chache za kujifunza mchana kabla ya kujaribu usiku. Mama alale kwa ubavu, mto uwe chini ya kichwa chake peke yake na usishuke mabegani, magoti yakunjwe kidogo. Mtoto naye alale kwa ubavu akimtazama mama, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa mkabala na chuchu ili alazimike kuinua kidevu anapofungua mdomo. Mkono wa mama wa chini upite juu ya kichwa cha mtoto, na kiganja cha mkono wa juu kishike mgongo wake katikati ya mabega. Msiguse kisogo, kwa kuwa mtoto anayesukumwa kisogoni hurudi nyuma. Subiri afungue mdomo wote, kisha mvute karibu upesi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia maumivu yanayoendelea baada ya mivuto michache ya kwanza, ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, uanze upya. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji mkao huu ni nafuu kubwa, maana mtoto hagusi kidonda.

Katika nyumba zetu nyingi mtoto hulala kitanda kimoja na mama yake, na sioni maana ya kuzungumza kana kwamba si hivyo. Ninachotaka ni kitanda hicho kiwe salama. Godoro liwe gumu, lisilobonyea. Mtoto alazwe chali kila anapomaliza kunyonya, mbali na mito na blanketi zito, na asiwekwe kwenye upenyo kati ya kitanda na ukuta. Chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro. Asilale kitanda kimoja na mtu anayevuta sigara, aliyekunywa pombe au aliyemeza dawa ya usingizi, na watoto wakubwa wasiwekwe kando yake. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, alale karibu na mama lakini sehemu yake mwenyewe. Hatari kubwa kuliko zote ni kochi. Mama anayeogopa kusinzia kitandani akaenda kunyonyesha kwenye kochi na usingizi ukamchukua pale, amemweka mtoto mahali ambapo anaweza kubanwa uso akakosa hewa.

Hata hivyo, mkao mzuri hauondoi ukweli kwamba usingizi wa mzazi mpya umekatikakatika. Ndiyo sababu arobaini ilikuwa na maana kubwa, na ninahuzunika kuona mjini inabaki jina tu. Pwani mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akaletewa uji wa pilipili manga, na kazi yake ikawa kunyonyesha na kulala. Kilimanjaro alipikiwa mtori na kuwekwa ndani kwa muda mrefu zaidi. Si kila kilichofanywa kilikuwa na faida kiafya, lakini kiini chake kilikuwa sahihi: usingizi uliopotea usiku ulirudishwa mchana, kwa kuwa watu wengine walishika ufagio, jiko na ndoo. Leo mama mkwe anafika kutoka kijijini, anamchukua mtoto kumbeba, na mzazi anaingia jikoni kumpikia mgeni. Namwambia kila bibi anayekuja kliniki kwamba mpango uwe kinyume: mtoto akishanyonya asubuhi, bibi amcheulishe na kumbeba, na mama arudi kitandani kwa saa moja na nusu hadi mbili bila kuamshwa, muda unaotosha mzunguko mzima wa usingizi. Baba hana titi, lakini anaweza kubadilisha nepi saa nane usiku, kumleta mtoto kitandani na kumrudisha mahali pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba likizo ya siku 3, nami huwaomba wasiimalize kwa kupokea wageni.

Mama naye anaweza kujisaidia kwa mambo machache. Taa iwe hafifu na simu ibaki mbali, kwa sababu mwanga wake hufukuza usingizi wa wote wawili. Chai kali au kahawa iishie mchana na isizidi vikombe viwili hivi, kwa kuwa mwili wa mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa kafeini inayompitia.

Ugumu mpya huja mama anaporudi kazini. Sheria hiyohiyo ya ajira inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo inamruhusu mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Kwa anayeishi Mbagala, pembezoni mwa jiji, na kufanya kazi Posta, katikati ya mji, saa hizo huishia kwenye daladala. Mtoto anayeachwa tangu alfajiri mara nyingi hunywa kidogo tu mchana, kisha hufidia usiku kucha mama akiwa amerudi. Familia humwona amedeka, ilhali amehamisha mlo wake kuufuata muda wa mama. Nafuu ni mama kukamua kazini, kunyonyesha kabla ya kutoka na mara tu anapoingia mlangoni, kulala mapema pamoja na mtoto bila kungoja tamthilia ya saa tatu, na mlezi kumpa mtoto maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo kilicho safi. Kwa joto la Dar es Salaam maziwa yasiyo kwenye friji yasipitishe saa 4.

Uchovu wa kawaida hupungua mama akipata nafasi ya kulala. Akilazwa mahali tulivu, mtoto yuko kwa bibi, na bado macho hayafumbi usiku hadi usiku, au akilia bila sababu anayoijua, akikosa hamu ya chakula au kumwona mtoto kama mzigo, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huo si uchovu tena. Ni sonona inayofuata uzazi, inatibika, na zipo dawa zinazotumika bila kuacha kunyonyesha. Aje kliniki na mtu anayemwamini, amweleze muuguzi kwa maneno hayohayo, "Silali hata mtoto akilala." Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali usiku huohuo.